Kuovakloki Core i5-9600K bila kuvuka volti 1.35 wala nyuzi 85

Kuovakloki ni kuiendesha prosesa, hapa Core i5-9600K ya Intel, kwa kasi kuliko ya kiwandani. Kabla hujagusa BIOS (menyu ya mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows), andika mipaka miwili ya prosesa kwenye karatasi: volti 1.35 na nyuzi 85 za Selsiasi. Ukifikia mmojawapo, umefika mwisho, hata kama kasi uliyoitamani bado iko mbele. Prosesa hii hujipunguzia kasi yenyewe ikigonga nyuzi 100, kwa hiyo joto peke yake ni nadra kuiua. Volti zilizozidi ndizo huila polepole: kompyuta iliyotulia miezi kadhaa inaanza kuganda, na hujabadilisha kitu.

Hesabu yenyewe ni hii. Joto linalozalishwa (si nyuzi za kipimajoto) hupanda sawia na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa kipeo cha pili. Toka 4.3 GHz kwa volti 1.20 hadi 4.8 GHz kwa volti 1.30, kasi imeongezeka asilimia 12, joto asilimia 31 hivi. Sukuma hadi 5.0 kwa volti 1.40: kasi asilimia 16, joto asilimia 58. Hiyo 5.0 ni ya kupigia picha.

Madabodi iwe yenye chipseti ya Z370 au Z390, maana B360 na H310 haziruhusu kubadili kizidishi, yaani namba inayozidishwa na MHz 100 kupata kasi. Prosesa hii haiji na feni, hivyo nunua kipozeo cha mnara chenye feni ya milimita 120 au zaidi, na pasta ya joto kiasi cha punje ya njegere. Chumba nacho kina sehemu yake: hewa ikipanda nyuzi moja, prosesa hupanda karibu nyuzi moja. Ukipima usiku kiyoyozi kikiwa nyuzi 22 ukapata 80, mchana wa Dar es Salaam wa nyuzi 32 utakuta 90. Pima mchana.

Anza na mipangilio ya kiwandani. Fungua HWiNFO64 (programu ya kusoma joto na volti), endesha Cinebench R23 (jaribio la kuibana prosesa na kuipa alama) dakika 10, kisha andika alama, Vcore (volti za prosesa) na joto la juu kabisa. Ikiwa tayari limepita nyuzi 80, rekebisha upoozaji kwanza.

Ndani ya BIOS, zima XMP (mpangilio wa kuiharakisha RAM) kwa muda ili kosa la RAM lisije likasingiziwa prosesa. Weka kizidishi 47, yaani 4.7 GHz, kwa viini (core) vyote, na AVX offset 2, inayoshusha kizidishi kwa 2 prosesa ikipewa amri nzito za hesabu ziitwazo AVX. Vcore iandike mwenyewe, 1.25. Usiiache kwenye Auto: madabodi nyingi hujihami kwa kumwaga volti kupita mahitaji.

LLC (Load-Line Calibration) ndiyo huwapoteza wengi. Kazi yake ni kuzuia volti zisishuke mzigo unapoingia, ila ukiikaza mno, mzigo ukitoka ghafla volti zinaruka juu ya ulichoandika. Chagua ngazi ya kati. Angalia pia namba zinavyokwenda: kwa ASUS namba kubwa ndiyo kali, kwa ASRock na MSI kali ni 1. Maelekezo ya bodi nyingine usiyanakili kichwakichwa.

Hifadhi, washa, rudia Cinebench dakika 10. Ikipita na joto liko chini ya mpaka, ongeza kizidishi kwa 1. Skrini ya bluu yenye WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT mara nyingi ni njaa ya volti: ongeza 0.02 ujaribu tena. Alama zikishuka badala ya kupanda, tazama joto. Likiwa 100, prosesa inajikinga. Likiwa la kawaida, kikomo cha wati ndicho kimebana, kiinue kwenye BIOS. Isipowaka kabisa, chomoa umeme, gusanisha pini za CLR_CMOS za madabodi kwa bisibisi sekunde 10 kufuta mipangilio ya BIOS, uanze upya.

Ukipata mahali inapotulia, endesha Prime95 (jaribio kali zaidi la hesabu) saa moja bila AVX, kisha nusu saa na AVX. Hapa pekee mpaka wa 85 unalegezwa na nyuzi 90 zinavumilika, kwa kuwa hakuna mchezo unaoibana prosesa namna hiyo. Kiini kimoja kikisimama kwa kosa la hesabu wakati vingine vinaendelea, rudisha kizidishi nyuma kwa 1 kabla ya kufikiria kuongeza volti.

Mwisho washa XMP na urudie Prime95. Ikishindwa sasa, shida mara nyingi iko kwa RAM, si kwa Vcore.