Kipandauso, siku zako na vidonge vya majira: anza na daftari

Mimi ni fundi cherehani, na kipandauso changu nilikijulia kwenye daftari la vipimo. Ukurasa wa nyuma kabisa, baada ya viuno na mabega ya wateja, ndipo nilipoanza kuandika siku kichwa kinaponishika. Na wewe anzia hapo kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Andika tarehe, saa kilipoanza, upande gani, kama ulitapika, na dawa uliyokunywa. Siku hedhi inapoanza, weka nukta nyekundu. Endelea hivyo miezi mitatu. Kwangu maumivu yaliganda kwenye nukta: kuanzia siku mbili kabla ya damu hadi siku ya tatu. Hicho ni kipandauso cha hedhi. Homoni ya estrojeni hushuka mwishoni mwa mzunguko, na mshuko huo ndio unaokiamsha. Shoga yangu naye aliandika, akakuta chake hakihusiani na damu kabisa. Kinamjia siku za mnada, anaposhinda na chai kavu.

Sasa hili nililochelewa kulijua. Siku nyingine, kabla kichwa hakijaanza, doa linatokea katikati ya macho. Naangalia futi, imeandikwa 36, mimi naona 3 tu. Doa linatanuka, linakuwa mstari wa zigizaga unaometameta kama mshono wa kuzuia nyuzi, unasogea pembeni, na baada ya dakika kama 20 unapotea. Kisha ndiyo kichwa sasa. Nilidhani ni macho kuchoka na kazi ya usiku. Kumbe madaktari wana jina lake: aura. Mwenye aura hatakiwi kutumia vidonge vya majira vyenye estrojeni, kwa sababu vinamwongezea hatari ya kiharusi. Mimi nilivimeza karibu mwaka. Aliyenipa alinipima presha, akauliza nina watoto wangapi, basi. Habari ya kichwa haikuguswa.

Kwa hiyo ukifika uzazi wa mpango, usisubiri kuulizwa. Sema: "Nesi, mimi huona mng'ao kabla kichwa hakijauma." Uliza vidonge anavyokupa vina homoni mbili, yaani estrojeni na projestini, au moja. Vya projestini peke yake, sindano ya miezi mitatu, kijiti na kitanzi havina estrojeni, hivyo mnaweza kuchagua humo. Mimi niliweka kijiti; miezi ya mwanzo damu ilinisumbua, matone leo, kesho hakuna, nikavumilia. Na kama mng'ao umeanza baada ya kuanza vidonge vya homoni mbili, rudi kituoni upesi ubadilishiwe.

Kuhusu dawa za maumivu: kwa kuwa siku zangu hazibadiliki, daktari alinipangia ibuprofeni baada ya chakula, nianze siku mbili kabla ya hedhi. Usiige bila kuuliza kama una vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito. Na ukijikuta unameza vidonge vya maumivu nusu ya mwezi, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza kichwa.

Tendo la ndoa nalo. Baba Zawadi alishazoea kunitania, "kichwa tena?" Siku moja nikamfunulia daftari, nikamwonyesha nukta na tarehe. Utani ukaisha, akaanza yeye kuniuliza tumefika wapi. Ila maumivu yanayolipuka ghafla kama radi ukiwa kileleni, mara ya kwanza, si ya kulala nayo hadi asubuhi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata yakipoa. Vivyo hivyo mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama.

Ukienda kwa daktari beba daftari lenyewe. Langu alilifungulia mbele, akasoma viuno vya watu karibu ukurasa mzima kabla sijamgeuzia.