Kukodi anime za diski bila kukwama katikati
Kabla hujaagiza diski ya kwanza, itafute ya mwisho. Anime (katuni ya Kijapani) ya vipindi 26 mara nyingi hugawanywa kwenye diski tano au sita, na mwenye kukodisha akipoteza moja tu, umekwisha. Mimi niliwahi kumaliza ya nne, ya tano ikawa "haipatikani". Mpaka leo sijui nani alimuua yule mwalimu wa upanga.

Soma pia namba ya kanda nyuma ya kasha, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa; mashine ya eneo jingine huenda isiicheze: DVD za Marekani ni 1, za Japani na sehemu kubwa ya Ulaya 2. Kwenye Blu-ray, Japani na Marekani zote ni A.

Diski ikifika, iinamishe kwenye taa. Mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio msumbufu; ukiwa ule wa kutoka katikati kwenda ukingoni, diski mara nyingi hucheza tu.