Kuotesha halimeda kwenye tangi la maji chumvi

Hapa Tanga, bahari ikipwa siku za bamvua, utaukanyaga mwani huu bila kuujua: kijani, mgumu, vipande bapa vimeungana kama shanga. Ugumu wake ni chokaa. Anayeufuga anafuga kiumbe kinachotaka chokaa kila siku, na wengi hushindwa hapo.

1. Maji. Chota mbali na mdomo wa mto. Masika maji ya pwani hupungua chumvi. Haidromita, yaani kipima chumvi, isome 1.025, joto nyuzi 25 hadi 27. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, alkali, yaani kabonati iliyomo majini, digrii 8 hadi 10 (dKH). Kama unacho kipimo kimoja tu, kiwe cha alkali, maana ndiyo huanza kushuka.

2. Kupanda. Kuna aina zenye kitako kilichovimba, kinachozama mchangani. Usizivute kwa shina! Ingiza vidole chini, toa na bonge lake, kisha zika kwenye mchanga wa sentimita 8 hivi. Zinazoshika jiwe, chukua na jiwe lake. Ndani ya hifadhi ya bahari usiguse kitu.

3. Taa saa 10 hadi 12, mkondo wa wastani. Fosfati ikizidi, chokaa haijengeki vizuri.

Kisha subiri usiku. Vipande vipya huchipuka gizani, vyeupe, na asubuhi vinageuka kijani. Mimi mpaka leo huamka mapema kuvitazama.

Maswali

Pangani: Shikamoo kaka. Wangu umekuwa mweupe wote kwa usiku mmoja, na maji yamechafuka kijani.

Marahaba. Huo umezaa. Uhai wote umetoka na mbegu, yamebaki magamba, haurudi tena. Utoe sasa hivi, badilisha maji mengi, ongeza pampu ya hewa. Mara ya kwanza mimi nilingoja hadi jioni, nikapoteza samaki wawili.

Chumbageni: Ncha tu zikiwa nyeupe?

Hiyo ni heri, unakua.

Chumbageni tena: Naweza kutia chokaa ya tambuu?

Usitie, ndugu yangu. Hupandisha pH ghafla, na usafi wake hatuujui. Kwa tangi dogo, badilisha sehemu ya kumi ya maji kila wiki kwa maji safi ya bahari, upime alkali kabla na baada.