Kuirudisha Harvard angani: mwongozo wa fundi wa ndege, Arusha

Mwenye ndege ya zamani ya kijeshi akinikaribisha bandani kwake, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, itawaka leo?" Namjibu, "Mzee, leo hapana," hata kama betri imejaa na mafuta yapo. Injini iliyolala miaka mingi unaweza kuimaliza kwa sekunde chache za kuiwasha kwa pupa. Ndiyo maana katika mwongozo huu kuwasha kunakuja karibu na mwisho, na rangi ndiyo ya mwisho kabisa.

Nitatumia mfano wa Harvard, ndege ya propela ya kufundishia marubani wa jeshi, ile ambayo Wamarekani huiita T-6 Texan. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na Jeshi la Anga la Afrika Kusini lilizitumia hadi mwaka 1995, kwa hiyo spea na watu wanaozijua bado wapo upande huu wa dunia. Kama ulichonunua ni jeti yenye kiti cha kumrusha rubani, usiendelee na mwongozo huu. Kiti kile kina baruti ndani, na mtu wa kwanza kukigusa awe mtaalamu wa viti hivyo.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya spana

Tafuta kibati chenye namba ya kiwanda na ulinganishe na madaftari ya kumbukumbu za ndege. Namba zikipishana, simama hapo hapo, ulizia. Halafu nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla hujafungua hata skrubu moja, ukiwa na hati za ununuzi na uthibitisho kwamba silaha zilishaondolewa. Ndege za aina hii hazipati kibali cha kuruka kwa njia ya kawaida ya ndege za abiria. Uingereza huruka kwa kibali maalumu, Marekani huwekwa kwenye daraja la majaribio na maonyesho. Muulize mkaguzi mapema anataka kushuhudia hatua zipi kwa macho yake. Ukimwita wakati mabati yameshafungwa, atakuambia uyafungue, na atakuwa na haki.

Hatua ya 2: Usikwangue saa za zamani

Saa nyingi za dashibodi (vipimio vya rubani) za enzi ya Vita vya Pili vya Dunia zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Leo hazing'ai tena, na hapo ndipo watu hudanganyika. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Ukiona namba zenye rangi ya kahawia iliyoungua, usifungue kioo, usipulize vumbi, usimpe kijana wa karakana asafishe kwa msasa. Tume ya Nguvu za Atomiki ina maabara Njiro, hapa hapa Arusha. Waombe wapime kwanza.

Hatua ya 3: Fukuza wapangaji

Nyigu hujenga kwa udongo ndani ya bomba la kupimia mwendo. Panya hulala ndani ya mabawa, na mkojo wao hula alumini. Nyuki wakihamia, mwite mfuga nyuki, usiwapulizie dawa ukaacha masega yaoze humo. Baada ya hapo, pita na tochi na kioo kidogo kila pembe ambayo mkono haufiki.

Hatua ya 4: Kiungo cha bawa

Hapa ndipo utajua kama una ndege au una pambo la bustani. Bawa la nje la Harvard limeshikwa kwenye sehemu ya katikati kwa bolti nyingi zinazopita kwenye vyuma vya pembe, juu na chini. Mwaka 2005 huko Marekani bawa la ndege ya aina hii lilikatika ikiwa angani, na mamlaka ya huko ikaamuru vyuma hivyo vikaguliwe, kisha ukaguzi urudiwe kila saa 200 za kuruka. Usikubali kuambiwa "vilikaguliwa zamani".

Ondoa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi. Usitumie msasa wala mchanga wa kupuliza, kwa sababu vinasugua chuma laini hadi kinafunika mdomo wa ufa, nawe utaona chuma safi kisicho safi. Osha, kausha, paka kimiminika cha kupenya, kile kinachong'aa, kiache kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, futa, kisha weka unga mweupe. Subiri giza. Zima taa za banda zote, washa taa ya urujuanimno (UV), na usogeze uso karibu. Ufa hujionyesha kama uzi wa kijani-njano, mwembamba kuliko unywele, mara nyingi ukianzia kwenye tundu la bolti. Ukiuona, chuma hicho hakichomelewi wala hakikwanguliwi. Kinatolewa, kinawekwa kingine chenye karatasi zake.

Na bolti je? Bolti ya ndege ya kiwango cha Kimarekani ina alama ya msalaba au nyota kichwani. Pale Unga Limited, mtaa wa hapa Arusha, utapata bolti yenye unene na urefu ule ule kwa bei ya soda, na kwa macho zitafanana. Isiingie kwenye ndege, hata kwa kushikizia tu kwa muda, maana cha muda husahaulika.

Mabawa yakiwa bado yamefunguliwa, amua utarukia wapi. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28, hewa pale ni nyepesi kama ya futi elfu saba na ushee, na hewa nyepesi hudai njia ndefu zaidi ya kurukia. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko futi 2,932 na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600. Mimi naipakia ndege kwenye semitrela na kuipeleka KIA ikaunganishwe huko. Kwenda kwa lori hakumvunjii mtu heshima.

Hatua ya 5: Kebo, mipira na mafuta mekundu

Kebo za usukani: pitisha kitambaa cha pamba urefu wote, polepole, hasa zinapozunguka kapi. Uzi wa chuma uliokatika utanasa kitambaa. Usitumie kiganja, utachanika.

Mipira yote inayopitisha mafuta, oili na haidroliki, badilisha. Hakuna mjadala, hata kama inaonekana mizima. Mfumo wa haidroliki hutumia mafuta ya madini yenye rangi nyekundu. Brekifluidi ya gari ikiingia humo, oringi (pete za mpira za kuziba) zitavimba na magurudumu yatagoma kushuka siku unayoyahitaji. Bandika karatasi kwenye kila dumu, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Ailaroni (vibao vya nyuma ya mabawa vya kuilaza ndege upande), usukani wa mkia na vibao vya kupanda na kushuka vimevikwa kitambaa. Kama ni kile cha pamba cha zamani, vua uvike cha poliesta, kinachokazwa kwa joto la pasi. Kipake tabaka zake za rangi ya fedha za kukikinga na jua, uishie hapo kwa sasa.

Hatua ya 6: Injini

Ni Pratt & Whitney R-1340, silinda 9 zilizopangwa duara, nguvu farasi 600. Kama haikuhifadhiwa kwa utaratibu ulioandikwa, ishushe, ipeleke ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Ni ghali, najua, na tajiri atanuna.

Kama kumbukumbu zinaonyesha ilihifadhiwa vizuri, chungulia ndani ya kila silinda kwa kamera ndogo ukitafuta kutu, pima mgandamizo, badilisha oili, kisha sukuma oili mpya kwa pampu hadi itokee juu kwenye vifuniko vya valvu.

Sasa sikiliza vizuri. Oili huteremka na kujaa kwenye silinda za chini, hasa namba 5 na 6. Oili haikubali kugandamizwa. Ukibonyeza stata, pistoni inakutana na oili na mkono wa pistoni unapinda. Huenda injini ikawaka vizuri tu, ikanguruma, watu wakapiga picha, halafu mkono ule ukavunjika baadaye mko juu ya mashamba ya miwa ya TPC.

Kwa hiyo kila mara, siyo mara ya kwanza tu: hakikisha swichi za magneto, zinazozipa plagi cheche, zimezimwa (na bado uichukulie propela kama bunduki yenye risasi), vuta kwa mkono kuelekea upande wake wa kawaida, uhesabu mapanga. Propela hii ina mapanga mawili, kwa hiyo mapanga manne ni mizunguko miwili, ndipo kila silinda imepita kwenye mgandamizo wake. Vuta zaidi ya hapo. Ukihisi imekwama kwa ugumu wa ghafla, usilazimishe. Usirudishe nyuma pia, kwa sababu unaisukuma oili kwenye bomba la hewa, na itarudi kukusubiri. Fungua plagi za silinda za chini, weka beseni, acha itiririke.

Ukiwasha, macho yawe kwenye geji ya oili. Shinikizo lisipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Usiongeze kasi ya injini mpaka oili ifike nyuzi 40.

Hatua ya 7: Jeki, kisha ardhini

Ipandishe kwenye jeki, kunja na kunjua magurudumu mpaka uchoke, pamoja na njia ya dharura. Halafu tembea nayo ardhini taratibu. Wapo wanaopenda kukimbia nayo kwa kasi nusu ya njia "kuisikilizia". Siwaungi mkono. Ndege ya gurudumu la nyuma ikikimbizwa bila kuruka ndipo inapogeuka ghafla na kujizungusha, breki zikiwa zimeshachemka.

Hatua ya 8: Safari ya kwanza

Rubani awe anaijua Harvard kwa mikono yake. Saa nyingi za kurusha Caravan, ndege ndogo ya abiria, hazitoshi. Abiria hakuna, wala mwenye ndege. Magurudumu yabaki chini safari nzima, azunguke juu ya uwanja, atue. Fungua chujio la oili papo hapo. Vumbi jeusi la kaboni lisikutishe. Chembe zinazong'aa zitenganishe kwa sumaku. Zikinasa ni chuma, na safari ya pili haipo hadi ujue zimetoka wapi.

Hatua ya 9: Rangi

Baada ya ndege kutulia, paka. Wengi wanataka rangi za jeshi la anga la Uingereza. Fahamu tu kwamba mwaka 1953 Harvard za jeshi hilo zilidondosha mabomu kwenye misitu ya Kenya wakati wa Mau Mau, na wazee wa ukanda huu wanalikumbuka hilo. Mimi nashauri njano ya shule ya urubani, ambayo pia huonekana kwa mbali. Rangi ina uzito: ikikauka, sawazisha upya ailaroni na vibao vya mkia, pima uzito wa ndege nzima, uandike kwenye daftari kabla mtu hajapanda.