Mabua Yanajaza Tumbo, Vijidudu Vinabaki na Njaa: Majani ya Miti kwa Ng'ombe wa Maziwa Wakati wa Kiangazi

Kuanzia mwezi wa nane, mahindi ya tambarare yakishavunwa, magari yaliyosheheni mabua huanza kupandisha kuelekea vihambani, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mabua hayo ni gharama: kuna bei ya shambani, kuna nauli ya gari, kuna vibarua wa kupakia na kushusha. Yakifika bandani ng'ombe anayala, tumbo linatuna, na bado maziwa ya asubuhi yanapungua wiki hadi wiki. Wafugaji wengi huamua kwamba mabua hayana nguvu, kisha wanaagiza mzigo mwingine. Nguvu imo ndani ya mabua, tena nyingi. Imefungwa kwenye nyuzinyuzi, na wenye kazi ya kuifungua wana njaa.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawawezi kuvunja nyuzinyuzi wao wenyewe. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi ndani ya rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza ambalo kwa ng'ombe mzima hubeba lita 100 na zaidi. Vijidudu hivi hujishikiza kwenye vipande vya majani, huchachusha selulosi na hemiselulosi zinazounda nyuzinyuzi, na kutoa asidi zinazopenya ukuta wa rumeni hadi kwenye damu. Asidi hizo ndizo nishati kuu ya ng'ombe, na mojawapo, asidi asetiki, hutumika kutengeneza mafuta ya maziwa. Baadaye vijidudu vyenyewe husukumwa hadi tumbo la nne, humeng'enywa, na kuwa sehemu kubwa ya protini anayoipata ng'ombe. Ukitupa chakula horini, wa kwanza kula ni hao.

Sasa, kijidudu hakizaliani kwa nyuzinyuzi peke yake. Kinahitaji naitrojeni, na naitrojeni hutoka kwenye protini ya malisho. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya chakula chote (ukishaondoa maji), vijidudu hupungua, nyuzinyuzi huchelewa kuvunjika, na rumeni hubaki imejaa. Ng'ombe akijaa hali zaidi. Mabua makavu ya mahindi mara nyingi yana protini ya asilimia 4 hivi. Hapo ndipo maziwa yanapopotelea, na ndiyo maana mzigo wa pili wa mabua haurudishi kitu.

Tupige hesabu ya ng'ombe mmoja wa kilo 400. Tuseme kwa siku anakula kilo 10 za mabua makavu. Kwa asilimia 4, hizo ni gramu 400 za protini. Mwongezee kilo 6 za majani mabichi ya kaliandra, mti wa malisho wenye protini nyingi unaoweza kupandwa uzioni. Yakikauka ni kama kilo 2, na kwa kuwa kaliandra ina protini ya asilimia 22 hivi, unapata gramu 440 nyingine. Jumla ni gramu 840 ndani ya kilo 12 za chakula kikavu, yaani asilimia 7 kamili. Mzigo mmoja wa majani umefikisha mlo wote kwenye mpaka ambao vijidudu vinaweza kufanya kazi. Ng'ombe anayekamuliwa anahitaji protini mara mbili ya hiyo, kwa hiyo pumba na mashudu hayaondoki. Lakini mashudu yanayowekwa juu ya mlo ambao rumeni imeshaamka yanalipa. Yakiwekwa juu ya mabua matupu, sehemu yake kubwa inakwenda kuziba pengo ambalo mti wa uzioni ungeliziba bure.

Hesabu hii ina kasoro moja ambayo lazima isemwe. Kaliandra ina tanini nyingi, ule ukali unaokausha ulimi. Tanini hushikana na protini, na sehemu ya protini hiyo haifunguki ndani ya rumeni. Tanini kiasi ina faida, kwa sababu protini fulani hupita salama na kumeng'enywa mbele, na tumbo halijai gesi kirahisi. Ikizidi, inabana hata uvunjaji wa nyuzinyuzi. Kwa hiyo kaliandra isizidi theluthi moja ya mlo, na ilishwe mbichi, siku ileile iliyokatwa, maana ikinyauka na kukauka umeng'enywaji wake hushuka. Halafu ichanganywe na jani lisilo na tanini nyingi, kama mforosadi au marando ya viazi vitamu, ili vijidudu vipate naitrojeni ya haraka. Katika majaribio yaliyofanyika Embu, Kenya, miaka ya 1990 pamoja na wakulima wadogo, kilo 3 za kaliandra mbichi zilileta maziwa karibu sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani. Ukilinganisha na bei ya mfuko, hilo si jambo dogo.

Mforosadi naupenda kuliko mti mwingine wowote kwa ng'ombe wa kufungiwa bandani. Majani yake yana protini ya asilimia 15 hadi 25, nyuzinyuzi zake ni laini, na sehemu kubwa ya kilicholiwa humeng'enywa. Mnyama hahitaji kuzoeshwa. Hata mbuzi mchaguzi huyavamia. Unapandwa kwa pingili tu. Lakini si wa jamii ya mikunde, hautengenezi naitrojeni yake mwenyewe, kwa hiyo ukivuna bila kurudisha samadi utachoka baada ya misimu michache. Mfugaji mwenye samadi nyingi na eneo dogo anzie hapo.

Lusina, mti mwingine wa malisho, nayo ni nzuri, ila ina sumu iitwayo mimosini. Mnyama akiila kwa wingi kwa muda mrefu hunyonyoka manyoya, hutokwa mate, na tezi ya shingo huvimba. Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii waliila bila kudhurika, wakati ng'ombe wa kwao Australia waliugua. Tofauti ilikuwa ndani ya rumeni: mbuzi wale walikuwa na bakteria wanaovunja sumu hiyo. Majimaji ya rumeni yalihamishwa miaka ya 1980, ng'ombe wa Australia wakaanza kuila salama, na bakteria huyo baadaye akapewa jina la Synergistes jonesii. Kwetu usitegemee kwamba mnyama wako anaye. Ishikie lusina kwenye theluthi moja ya mlo au chini ya hapo. Ujue pia kwamba tangu 1992 kuna wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi ya lusina ya kawaida Afrika Mashariki, na kwamba mti huu hauvumilii udongo wenye asidi wala baridi ya juu mlimani. Huko juu, kaliandra inaushinda.

Ukanda wa chini na pwani, kama Tanga, mti wa glirisidia hustawi vizuri. Ng'ombe huikataa mwanzoni kwa sababu ya harufu. Inyaushe kwa usiku mmoja, changanya na kitu anachokipenda, na baada ya siku kadhaa atazoea. Usiwape punda. Desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde unaotambaa, ikipandwa katikati ya mistari ya majani ya tembo huinua ubora wa kila mzigo unaokata, bila kukuomba eneo jipya.

Yurea, ile ya mbolea, pia ina naitrojeni, na wapo wanaoloweka mabua kwa yurea na kuyafunika wiki tatu. Njia hiyo inafanya kazi. Lakini kipimo kikikosewa ng'ombe hufa ndani ya saa chache, na ndama wadogo hawafai kupewa kabisa. Usiijaribu bila afisa mifugo kusimama nawe mara ya kwanza.

Yapo pia makosa yanayofanywa kabla jani halijafika horini. Majani ya tembo yakiachwa yakomae hadi kumpita mtu kimo, shina hujaa lignini, kile kitu kinacholifanya liwe gumu kama mti, na lignini hakuna kijidudu cha rumeni kinachoimudu. Inakaa katikati ya selulosi na kuizuia isifikiwe. Kata yakiwa na kimo cha mita moja hivi, hata kama macho yanatamani wingi. Mabua yakatekate vipande vya sentimita 2 hadi 5. Usiyasage yakawa unga, kwani vipande virefu kidogo ndivyo vinavyomfanya ng'ombe acheue. Akicheua hutoa mate, lita 100 na zaidi kwa siku, na mate hayo hupunguza ukali wa asidi ndani ya rumeni. Asidi ikizidi, bakteria wa nyuzinyuzi ndio wa kwanza kufa.

Utajuaje kama inafanya kazi? Nenda bandani mchana, wakati wanyama wamelala. Angalau nusu yao wanatakiwa wawe wanacheua. Kisha tazama kinyesi. Kikiwa kigumu, kimepangana juu kwa tabaka, kikavu, protini haitoshi. Chukua kiasi cha kiganja, kioshe kwa maji kwenye chekecheke, utazame kilichobaki: vipande virefu vya bua ambavyo havijaguswa vinakuambia kwamba pesa uliyolipia gari imepita tumboni na kutoka. Rudia baada ya wiki tatu za kulisha majani ya miti. Subiri muda huo, kwa sababu vijidudu hujibadilisha taratibu; anza na kilo 1 kwa siku, ongeza kidogo kidogo.

Kuhusu kupanda: kwa kilo 6 kwa siku mwaka mzima unahitaji kaliandra 500 hivi kwa kila ng'ombe. Zinaonekana nyingi, lakini zikipandwa kwa nafasi ya nusu mita ni mstari wa mita 250, na mstari huo unaenea kwenye mpaka wa kihamba, kando ya njia na juu ya makinga maji bila kugusa migomba wala kahawa. Loweka mbegu kwenye maji baridi saa 48. Weka kitaluni miezi mitatu hadi minne kabla ya masika, ili miche iwe tayari mvua ya Machi inapoanza. Kata mara ya kwanza mti ukifikisha miezi 9 hadi 12, ukiacha kisiki cha mita moja hivi, kisha rudia kila baada ya miezi miwili au mitatu. Atakayetia mbegu kitaluni mwezi wa kumi na mbili atakuwa na majani yake mwenyewe kabla ya kiangazi cha mwezi wa kwanza na wa pili wa mwaka wa pili.