Unahamia Kampala? Usimwachie broka akuchagulie mtaa

Ndugu zangu mnaotoka Nairobi, Mwanza au Goma mnakuja kuanza maisha Kampala, jueni broka akishasikia Kiswahili chako tu keshakupangia pa kuishi. Ukionekana una kazi ya NGO anakupandisha Kololo au Nakasero ambako kodi inatajwa kwa dola, ukionekana mwanafunzi ni Kansanga au Kabalagala, Msomali anaambiwa moja kwa moja Kisenyi. Usikubali kirahisi hivyo, mwambie akuzungushe.

Na huu mgawanyo haukuanza na mabroka. Enzi za mkoloni Mzungu alijitengea Nakasero, Mhindi akawa na sehemu zake, uwanja wa gofu ukakaa kati ya Nakasero na Kololo na upo hadi leo, halafu Mwafrika akabaki Kisenyi na mabondeni mpaka baadaye akajengewa kota za Nakawa na Naguru. Mwaka 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke, nyumba za vilimani zikachukuliwa na wenye vyeo, lakini wa bondeni alibaki bondeni. Hata zile kota za Nakawa na Naguru watu walitolewa 2011 zikabomolewa, na mimi hili linaniuma sana kwa sababu pale ndipo mtu wa mshahara mdogo alikuwa anaishi karibu na kazi yake.

Sasa wewe mwenye bajeti ndogo utaonyeshwa muzigo, yaani chumba kimoja cha kupanga, Bwaise au Kalerwe kwa bei nzuri. Nenda siku mvua imenyesha, angalia mlangoni, ukikuta wamejengea kizingiti cha matofali kinafika karibu na goti na ukutani kuna mstari wa tope, basi hapo maji yanaingia ndani, tafuta ya mteremkoni hata kama ni ndogo. Choo mnachangia wangapi? Uliza wapangaji, usimuulize broka.

Mkataba uandikwe, na kodi iwe kwa shilingi, sheria ya wapangaji ya 2022 inasema kodi ni shilingi isipokuwa mmekubaliana vingine kwahiyo ukisaini dola umejifunga mwenyewe. Ukishahamia nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, mapema, siku ukigombana na landilodi huyo ndo utamkimbilia kwanza, na akikufahamu anakusikiliza hata kama Luganda bado inakupiga chenga.