Kusikia si Kusikika: Jinsi ya Kuongea Kupitia Ripita kwa Redio ya Mkononi

Mwanaridhaa mpya, yaani anayetumia redio kwa mapenzi yake bila malipo, anapowasha redio yake ya kwanza ya mkononi hukutana na jambo lile lile lililonishangaza mimi: sauti za watu walio umbali wa kilomita sitini zinaingia safi kama wako chumba cha pili, lakini yeye akiita hapati jibu. Wengi hudhani wamepuuzwa, wakaiweka redio kabatini. Aghalabu hakuna aliyempuuza, hakusikika. Ripita iliyo mlimani, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, hurusha kwa nguvu kubwa kupitia antena ndefu iliyo juu kabisa, ilhali redio ya mkononi hurusha takriban wati 5 kupitia antena fupi ya mpira iliyo usawa wa kifua. Sauti inayokuja ina nguvu, inayokwenda ni dhaifu, na karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu kuisaidia hiyo inayokwenda.

Hatua ya 1: Pata leseni kabla ya kubonyeza kitufe cha kuongelea

Kusikiliza na kurusha ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria. Tanzania leseni ya redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), na majirani zetu wana mamlaka zao. Pamoja na leseni hupewa alama ya wito, ambayo herufi zake za mwanzo hutaja nchi: 5H kwa Tanzania, 5Z kwa Kenya, 5X kwa Uganda, 9X kwa Rwanda, 9U kwa Burundi, 9Q kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hewani hiyo ndiyo jina lako, hata ungekuwa nani. Sultani Qaboos bin Said wa Oman naye alikuwa mwanaridhaa, na alama yake ilikuwa A41AA.

Kanuni za kimataifa zinaitaka huduma hii itumike kwa kujifunza, kuwasiliana na kufanya majaribio ya kiufundi, bila maslahi ya fedha. Kwa hiyo usipange biashara kupitia ripita, na usitumie lugha ya mafumbo yenye lengo la kuficha maana.

Hatua ya 2: Elewa ripita inafanya nini

Ripita husikiliza kwenye masafa mamoja na, wakati huo huo, huyarusha yale inayoyasikia kwenye masafa mengine. Katika bendi ya mita 2, ambayo kwa ukanda wetu wa Afrika na Ulaya ni megahezi 144 hadi 146, tofauti kati ya masafa hayo mawili kwa kawaida ni kilohezi 600, na masafa ya kuingilia ndiyo ya chini. Ripita inayosikika kwenye 145.650, kwa mfano, husikiliza kwenye 145.050.

Thamani yake iko kwenye kimo. Mawimbi ya bendi hii husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kwa makadirio, upeo wa antena kwa kilomita hupatikana kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo chake kwa mita. Mtu aliyeshika redio mita 1.5 juu ya ardhi tambarare ana upeo wa kilomita 5 tu. Ripita iliyo mita 400 juu ya bonde ina upeo wa kilomita 82. Jumlisha, na watu wawili walioshindwa kusikilizana ng'ambo ya mtaa wanaweza kuzungumza wakiwa pande mbili za mkoa.

Jambo la tatu la kulijua ni toni. Ripita nyingi hazifunguki mpaka zisikie mvumo mdogo unaorushwa chini ya sauti yako, kwa mfano hezi 88.5, ili kelele za mitambo mingine zisiifungue ovyo. Waulize wanaoitunza ripita ya eneo lako mambo matatu: masafa, tofauti na toni. Usikisie.

Hatua ya 3: Ingiza taarifa kwenye redio

Nitatumia UV-5R ya Baofeng kama mfano kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Andika masafa ya kupokea, 145.650. Fungua menyu ya 25 uchague alama ya kutoa, kisha menyu ya 26 uandike 00.600. Menyu ya 13 ni ya toni unayorusha, weka uliyopewa. Menyu ya 11, ya toni inayopokelewa, iache imezimwa kwanza. Hapa ndipo wengi hupotea: wanaweka toni pande zote mbili, ripita hairushi toni yoyote, na redio inakaa kimya siku nzima huku mmiliki akidhani ripita imekufa.

Hatua ya 4: Sikiliza, kisha jitambulishe

Sikiliza kwa dakika kadhaa. Kukiwa kimya, bonyeza, subiri sekunde moja ili toni itambuliwe na ripita ifunguke, taja alama yako ya wito na useme kwamba unajaribu redio, halafu achia. Kubonyeza na kuachia bila kusema neno ni utovu wa adabu, kwani kila anayesikiliza husikia mlango umegongwa na mgongaji hayupo.

Ukishaachia kitufe, tega sikio. Ripita iliyokusikia hubaki ikirusha kwa sekunde moja au mbili. Sisi huuita mkia. Mkia ndio shahidi wako. Usipousikia, ripita haikufunguka, na kosa la kwanza la kutafuta ni la toni, la pili ni la tofauti, la tatu ni redio kuachwa kwenye nguvu ndogo. Ukiusikia mkia lakini wenzako wanasema sauti yako inakatika au ina mchanga mwingi, mipangilio yako ni sahihi na tatizo ni njia yenyewe.

Hatua ya 5: Irekebishe njia ya kwenda

Usikimbilie kununua redio ya wati nyingi. Anza na miguu yako. Mawimbi haya yana urefu wa mita 2, na ndani ya nyumba hurudishwa na kuta na mabati yakakutana yenyewe kwa yenyewe. Mahali pamoja huimarishana, hatua moja pembeni huuana. Mimi nilikaa juma zima nikiita kutoka sebuleni bila kupata hata mkia. Siku moja nikasogea dirishani, redio nikaishika wima, mkono nikaunyoosha juu, na mzee mmoja akanijibu kwamba amenisikia tangu herufi ya kwanza. Nilikuwa nimesogea hatua tatu tu.

Tatizo la pili ni antena. Antena ya mpira ni nusu ya antena. Nusu ya pili inayohitajika ni mwili wa redio na mkono wako, navyo havitoshi. Chukua waya laini wa umeme, ukate sentimita 49, ambayo ni karibu robo ya urefu wa wimbi kwenye megahezi 145. Menya ncha moja, uifunge kwenye chuma cha nje cha kiungio cha antena bila kugusa pini ya katikati, na uache waya uning'inie chini kama mkia. Kisha rudia jaribio la hatua ya 4 pale pale uliposimama mwanzo. Kwa gharama ya kipande cha waya, nimeona redio iliyokuwa ikikatika ikisomeka vizuri.

Hatua ya 6: Zungumza kwa kupokezana

Shika redio sentimita tano hivi kutoka mdomoni na uongee kwa sauti ya kawaida, kwani kupiga kelele huharibu maneno. Alama za wito hutamkwa kwa herufi za kimataifa. Kwa mfano, NA1SS husomwa November Alfa One Sierra Sierra. Mwenzako akiachia, ngoja mkia uishe ndipo ubonyeze, kwa sababu katika pengo hilo dogo mtu mwenye dharura anaweza kuingia. Usihutubie: ripita nyingi zina saa ya ndani inayokata msemaji, mara nyingi baada ya dakika 3.

Mkiwa katikati ya mazungumzo, bonyeza kitufe cha nyota cha UV-5R ili usikilize masafa ya kuingilia. Ukimsikia mwenzako moja kwa moja, ripita hamuihitaji, hamieni 145.500, ambayo ni masafa ya kuitana, kisha masafa mengine ya wazi, ili ripita iachiwe walio mbali.

Hatua ya 7: Jaribu ripita iliyo kilomita 400 juu yako

Kwa anayeishi mahali pasipo na ripita, ipo moja inayopita juu ya kila mji wa Afrika Mashariki: ile iliyo kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, iliyoanza kutumika Septemba 2020. Hupokea kwenye 145.990 yenye toni ya hezi 67.0 na kurusha kwenye 437.800. Huzimwa wanaanga wanapotoka nje ya kituo au chombo kinapotia nanga, kwa hiyo hakikisha kwanza kama imewashwa, na utumie programu ya simu kujua muda wa kupita. Chagua safari inayopanda zaidi ya nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Nzuri kabisa hudumu kama dakika 10.

Kituo huenda kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, na kasi hiyo huyasogeza masafa unayoyapokea. Andaa chaneli tano, zote zikirusha 145.990 na toni ile ile, lakini zikipokea 437.810, 437.805, 437.800, 437.795 na 437.790. Anza na ya kwanza kituo kinapochomoza, ushuke kadiri kinavyosonga. Kikiwa karibu na utosi, mabadiliko huwa ya haraka zaidi. Fungua kabisa kizuia mvumo (squelch), kile kinachoinyamazisha redio pasipo na mawimbi, ili usikie hata sauti hafifu. Antena isielekezwe kituoni kwa ncha yake, maana hapo ndipo ilipo dhaifu. Ilaze ubavu ukitazama kituo, na uizungushe polepole mpaka sauti ijae.

Kinapokuwa juu ya Dar es Salaam, kituo hiki huonwa pia na aliye Kampala, Kigali na Antananarivo. Ongea kwa ufupi: alama yako na mraba wako wa ramani, yaani herufi na tarakimu zinazotaja eneo ulipo, basi. Dar es Salaam na Mji wa Zanzibar ziko KI93, Mombasa KI95, Nairobi KI88. Kusikika huko juu kwa wati 5 kunawezekana kabisa, ila mwenye nguvu zaidi humfunika mnyonge, hivyo subiri pengo.

Mara tu baada ya kupata jibu, andika kwenye daftari alama ya wito, masafa, mraba na muda. Muda huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, na huanza kuhesabiwa usiku wa manane. Mawasiliano ya saa 12:40 jioni ya Dar es Salaam huandikwa 15:40.